Vumbi Chini ya Sifuri

Siku kiwanda cha vichujio kilipotangaza kwamba vumbi lake limeshuka chini ya sifuri, Mama Sifuri alikuwa nyumbani akimenya viazi na kuionea hasira saa ya ukutani. Saa hiyo alikuwa amepewa wiki tatu nyuma, siku ya kuagwa. Miaka kumi na tisa umepima vumbi la watu, halafu unapewa saa ukapime muda uliokubakia. Aliitundika jikoni kwa sababu sebuleni angelazimika kuitazama akiwa amekaa.

Habari aliletewa na wifi yake, dada mdogo wa mumewe, karani wa ofisi kiwandani hapo, ambaye tangu utoto hajawahi kukaa na neno tumboni likalala.

"Wifi, umesikia? Vichujio vyetu sasa vinapitisha vumbi hasi nne."

"Hasi nne nini?"

"Mikrogramu. Meneja amefurahi mpaka ametununulia soda ofisi nzima. Anasema haijapata kutokea."

"Haijapata kutokea kwa sababu haiwezekani," alisema Mama Sifuri, kisu mkononi. "Vumbi likishakwisha, limekwisha. Likipungua tena linapungua kwenda wapi?"

"Mimi karani, wifi. Nimeambiwa nichape tangazo, nimechapa. Linabandikwa kesho getini."

Mama Sifuri aliendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki saizi ya gololi. Moyoni alifurahi, tena furaha ya uchungu ile ya mtu anayesikia nyumba aliyofukuzwa inavuja.

Ili ucheke vizuri lazima uijue kazi yenyewe. Kiwanda kilitengeneza vichujio vya hewa vya vyumba vya upasuaji. Kila shehena ilipokamilika, kichujio kimoja kilitolewa kikapulizwa hewa yenye vumbi, na lile vumbi dogo lililofanikiwa kupenya lilitua juu ya kipande cha fuwele ya kwatzi, chembamba kama ukucha. Ni jiwe lile lile lililomo ndani ya saa za ukutani. Ukikipa umeme kidogo kinatetema mara milioni tano kwa sekunde, bila kuchoka na bila kuomba likizo. Vumbi likitua juu yake kinakuwa kizito, na kikiwa kizito kinatetema polepole zaidi. Mashine inahesabu tofauti hiyo na kuitaja kama uzito. Ikizidi mikrogramu tano, shehena nzima inakataliwa, na wakubwa wananuna wiki nzima.

Chumba cha kupimia kilikuwa na ukubwa wa kabati la mtu mwenye nguo nyingi. Hakikuwa na dirisha wala feni, maana upepo ni rafiki wa vumbi. Ndani mlikuwa na meza, mashine, stuli moja ya mbao na Mama Sifuri.

Mashine za siku hizi hujipima zenyewe kabla na baada ya kila kazi. Hii ilikuwa ya zamani, iliwekewa sifuri yake mara moja tu, siku ilipofungwa. Fundi aliyeileta alimkalisha Mama Sifuri kwenye stuli ashike karatasi, akazungusha skrubu ndogo mpaka namba ikasimama kwenye sifuri, kisha akaomba kitu cha kuiziba skrubu isichezewe. Mama Sifuri akatoa mkobani rangi yake ya kucha, nyekundu. Muhuri ndio huo mpaka leo, na kwenye cheti cha usahihi cha kiwanda imeandikwa wazi kwamba muhuri mwekundu ukivunjwa, cheti kimekufa. Wakaguzi wote waliopita waliuinamia muhuri ule kwa heshima, hakuna aliyeuliza umetoka duka gani.

Fundi alipoondoka aliacha agizo moja: "Ukiingia, kaa kwanza robo saa. Kipande kizoeane na wewe. Ndipo usome." Hakueleza sababu, na Mama Sifuri hakuuliza, maana enzi zile fundi hakuulizwa. Alilichukulia kama adabu, kama vile huwezi kuingia kwa watu ukaanza kusema shida kabla ya salamu. Kwa miaka kumi na tisa aliingia, akakaa, akasubiri robo saa, akasoma. Tabia ikamfuata mpaka nyumbani. Ukimuuliza swali alikuwa anakaa, ananyamaza, na jibu unalipata chai imeshapoa. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alikuwa akiwaambia wageni kwamba alipomposa huyu mwanamke alipata muda wa kushona kanzu nzima kabla hajasikia ndiyo.

Ila namba yake haikubishaniwa. Akisema tatu, ni tatu. Madereva wa malori walikuwa wanapakia kwa neno lake kabla karatasi haijakauka wino. Hilo ndilo alilolipenda duniani baada ya watoto wake, na siku nyingine kabla yao.

Kisha akaja Meneja mpya, kijana mpole, mwenye viatu vinavyolia na neno "mfumo" mdomoni. Alivuta waya kutoka kwenye mashine hadi kompyuta iliyokuwa mwisho wa korido, namba zikawa zinasomwa huko bila mtu kuingia chumbani, isipokuwa kuweka kichujio na kutoka. Akamwita Mama Sifuri ofisini.

"Mama, mtu akiwa chumbani kunaingia makosa ya kibinadamu," alisema, karibu kwa huruma. "Si wewe, mama. Ni ubinadamu."

Mama Sifuri alikaa akanyamaza robo saa yake. Alipokuwa tayari kujibu, Meneja alikuwa ameshatoka kwenda kikaoni.

Basi tangazo likabandikwa getini: VUMBI CHINI YA SIFURI. Wiki mbili kiwanda kizima kilitembea kifua mbele. Halafu akaja mnunuzi wa hospitali, mama mmoja mkavu, aliyesimama mbele ya tangazo akalisoma mara mbili kama barua ya mahakama.

"Vumbi chini ya sifuri maana yake nini?" aliuliza. "Kichujio kinatengeneza usafi?"

Meneja alicheka, akamkaribisha ajionee mwenyewe. Wakaingia chumbani watu watatu, Meneja, mnunuzi na mtaalamu wa kompyuta, wamebanana mabega. Wakakaa humo wakielezana kwa kirefu. Namba ikaanza kupanda. Ikafika sifuri, ikaipita, ikafika saba. Kichujio kile kile. Mnunuzi akaandika saba kwenye daftari lake, akasema shehena hiyo abaki nayo mwenye nayo, na kwamba atarudi Ijumaa; Ijumaa ikiwa hivyo hivyo, atatafuta kiwanda kingine.

Wifi ndiye aliyeyaleta haya yote jikoni, akiigiza sauti ya kila mtu. Kwanza walidhani ni viatu, wakaingia pekupeku. Saba na nusu. Wakadhani ni nguo, wakavaa maovaroli mapya juu ya nguo zao. Nane. Wakatoka wote kwa hasira, wakafunga mlango, na baada ya muda kompyuta ikasema hasi nne.

"Mtaalamu anasema mashine ina pepo," alisema wifi. "Hakusema hivyo hasa. Amesema ina tabia isiyotabirika, lakini uso wake ulisema pepo."

"Na Meneja?"

"Meneja amenituma, wifi. Anakuomba Ijumaa uje. Mapema, kabla mnunuzi hajafika." Wifi akasogea karibu. "Na mkataba ameshanichapisha. Miaka mitatu. Nimeuona kwa macho yangu, jina lako lipo, stuli yako ipo."

Mama Sifuri alikaa robo saa yake, lakini safari hii ilikuwa kwa ajili ya adabu tu. Jibu alikuwa nalo tangu wifi anafungua mlango. Alitaka kurudi. Alikitaka chumba kile kisicho na dirisha kama watu wengine wanavyotaka nyumba ya ghorofa.

Ijumaa alifika na madaftari yake ya zamani, yale aliyoandika kila kipimo kwa mkono, na kipimajoto kidogo cha kupima watoto homa, kwa sababu kilikuwa mkobani na mjukuu alikuwa ametoka kuumwa. Alikaa kwenye stuli. Mlangoni walisimama Meneja, mtaalamu na wifi. Namba ilisoma hasi nne. Baada ya dakika tano, hasi mbili na nusu. Dakika ya kumi, hasi moja. Dakika ya kumi na tano ilisimama kwenye sifuri kama ng'ombe aliyeufikia mlango wa zizi lake.

"Kimekujua!" alisema Meneja, akapiga makofi. Kweli alipiga makofi. "Mama, hiki kitu kinakujua!"

Akamletea mkataba pale pale juu ya ubao wa kuandikia, na kalamu juu yake.

Laiti angesaini wakati ule, hadithi ingeishia hapo na kila mtu angekula kwa amani. Lakini miwani yake ilikuwa kwenye koti, na koti alikuwa amelitundika nje ya mlango. Alitoka kulifuata, akachelewa kidogo kwa sababu wifi alimkumbatia. Aliporudi, namba ilikuwa imeshuka tena: hasi moja.

Aliitazama. Akaketi. Akangoja. Ikarudi sifuri.

"Wifi," aliita, "njoo ukae hapa."

"Mimi? Mimi sijui kupima."

"Sijakwambia upime. Nimekwambia ukae."

Wifi akakaa, akiwa ameishika mikono yake mapajani kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mama Sifuri akatoka, akafunga mlango, akasubiri robo saa kwenye korido bila kuongea na mtu. Alipofungua, namba ilikuwa sifuri.

Kwa hiyo hakikuwa kinamjua. Kilikuwa kinamjua mtu yeyote mwenye damu.

Alimtoa wifi, akakiacha chumba kitupu, akaweka kipimajoto juu ya meza kando ya fuwele. Hicho cha watoto hakikuweza kusoma baridi ya chumba, kikaandika tu kwamba mgonjwa yuko chini sana. Akamwomba mtaalamu kipimajoto cha ghalani. Chumba kitupu kilisoma nyuzi ishirini na mbili. Akiwa amekaa yeye, ishirini na nne na nusu. Wakiingia watatu, karibu thelathini. Jiwe lilikuwa linapungua mtetemo kila lilipopata joto, na mashine, ambayo haijui joto ni nini, ilidhani ni vumbi limetua. Likipoa, lilitetema kwa kasi zaidi, na mashine ikadhani limeondolewa vumbi ambalo halikuwahi kuwepo.

Aliketi kwenye stuli, mkataba magotini, akafungua madaftari. Hakuwa anatafuta tena jibu. Alikuwa anaogopa. Mwezi ule alipokuja kazini na homa kali, kwa kuwa aliona aibu kuomba ruhusa, alikataa shehena mbili mfululizo: tano na nusu, sita. Zilikuwa nzima. Hiyo si kitu, viwanda hukataa vitu. Ila kulikuwa na siku za mvua, alizofika amelowa chapachapa, akakaa pale anatetemeka, na vipimo vikatoka chini ya tano: nne, nne, tatu na nusu. Akavisaini, kumbe huenda vumbi lenyewe lilizidi tano. Madereva wakapakia kwa neno lake. Vikaenda kukaa juu ya matumbo ya watu yaliyopasuliwa.

Kalamu ilikuwa mkononi. Meneja alikuwa anatabasamu. Angesaini, angekaa, namba ingekuwa sifuri, mnunuzi angeridhika, na hakuna binadamu ambaye angejua. Na siku ya mvua au ya homa, fuwele ingeendelea kuupima mwili wake na kuuita vumbi. Angeweza kuja na shuka. Angeweza kumeza vidonge. Alifikiria mambo ya kipuuzi ya namna hiyo kwa robo saa nzima, huku watu wazima watatu wakimsubiri mlangoni, na aliyataka yote.

"Msema kweli hana wajoli," alisema mwishowe, kama anayejikaripia. "Meneja, hiki hakinijui. Kinasikia joto langu. Siku sifuri inawekwa, nilikuwa nimekaa hapa. Hizi sifuri zote mnazoziona, miaka kumi na tisa, zilikuwa na mimi ndani."

Akawaeleza yote, na ya mvua na ya homa pia. Alipofika kwenye siku za mvua, alifungua daftari akawasomea tarehe moja moja. Alisema inabidi skrubu ivunjwe muhuri, sifuri iwekwe upya, mashine iwekewe kipimajoto chake yenyewe, na kila namba ya zamani ipitiwe na mtu anayejua.

Meneja alisikiliza kwa makini sana. Uso wake ulipita kwenye hofu, ukapita kwenye huzuni, ukatua mahali penye furaha.

"Muhuri hatugusi, mama, cheti kitakufa," alisema. "Na ya zamani ni ya zamani. Lakini mtu mmoja aliyekaa anatoa joto kiasi gani?"

Mtaalamu, aliyekuwa hajasema lolote la maana tangu asubuhi, alipata nafasi yake. "Kama wati mia moja."

Basi mchana ule ule ililetwa balbu. Waliifunga juu ya stuli, kwenye shina la taa lililochukuliwa mapokezi, na Mama Sifuri ndiye aliyeombwa asimamie, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayeaminika. Ya wati sitini ilitoa hasi moja na nusu. Ya mia na hamsini ilitoa mbili. Ya wati mia, baada ya robo saa, ilitoa sifuri, safi, bila kutikisika. Mnunuzi alifika, akaona sifuri, akapima vichujio vitatu, akaridhika, akasaini. Hakuuliza taa inafanya nini kwenye kiti. Mkataba wa miaka mitatu ulirudi ofisini kwa wifi, ambaye aliambiwa auchane, akauchana polepole sana.

Mama Sifuri aliagwa mara ya pili. Saa hawakuwa nayo nyingine, wakampa makofi.

Ilimuuma. Tusipambe maneno, ilimuuma kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliambiwa ana ubinadamu mwingi mno. Safari hii ubinadamu ulikuwa umepimwa, ukapatikana dukani, wa kuning'iniza kwa waya. Aliandika barua mbili kwa mkono wake kuhusu siku za mvua, moja kwa Meneja na moja kwa mnunuzi wa hospitali, akiwa ameorodhesha tarehe zote. Mnunuzi alijibu kwa mstari mmoja, kwamba vichujio vya tarehe hizo vilivyosalia vimetolewa, na asante. Meneja hakujibu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja alasiri simu ikalia jikoni.

"Mama, shikamoo. Balbu imeungua," alisema Meneja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Tumerudi chini ya sifuri, na shehena tatu zinasubiri. Mtaalamu ameweka balbu hizi mpya, haisaidii kitu. Nakuomba kesho uje ukae. Kukaa tu, mama. Hutafanya kazi yoyote."

"Nipe robo saa," alisema Mama Sifuri, akaikata simu na kuiweka mezani.

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa usoni akijifanya amelala. "Utamwambia nini?"

"Sijakaa bado."

Akakaa. Saa ya ukutani, yenye jiwe la kwatzi tumboni, ikahesabu. Mumewe aliondoa kitambaa, akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Wati mia," alisema mzee. "Miaka yote hiyo wanakuwasha mchana kutwa, mimi nabakiziwa za usiku."

Mama Sifuri alicheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Alijua sasa anachokitaka, na alijua anakitaka sana. Robo saa ilipotimia akapiga simu.

"Meneja, nitakuja kama mnataka mpimaji. Mtu wa kukwambia namba hii iamini, namba hii ikatae, na ukikataa kumsikiliza akuandikie barua. Mtu huyo nipo. Kama mnataka joto tu, joto linauzwa."

Upande wa pili Mama Sifuri alisikia viatu vya Meneja vikilia, kwenda na kurudi. Anafikiri, alijiambia. Kijana anakaa kwanza. Alikuwa kama msichana anayengoja posa.

"Linauzwa wapi, mama?" aliuliza Meneja.

Mama Sifuri alifumba macho.

"Duka la vifaa vya umeme linalotazamana na geti lenu," alisema, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwasomea madereva namba zao. "Rafu ya chini kabisa. Ulizia zile za zamani, zenye waya ndani. Hizi mpya zina mwanga, joto hazina. Chukua mbili, moja iwe ya akiba. Na ukiiwasha, subiri robo saa kabla ya kusoma."

Alimsikia akiandika.

"Mama, sisi bila wewe sijui tungefanya nini," alisema Meneja kwa moyo wake wote, akakata simu ili aliwahi duka kabla halijafungwa.